Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Shule ya Mtandaoni Ianzie kwa Mwalimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHA BAADHI YA MASOMO YA KIDATO CHA TANO NA SITA KWA NJIA YA MTANDAO

Mheshimiwa Waziri,

Saa kumi na mbili jioni, wakati daladala za Arusha zimejaa watu wanaorudi makwao, California ndiyo kwanza inaingia saa moja asubuhi. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita aliyeandikishwa Stanford Online High School anafunga mlango wa chumba, anavaa vipokea sauti na kuingia darasani. Kwenye kioo cha kompyuta zimejipanga sura kumi na mbili, kila moja ndani ya kisanduku chake. Wa New York kwake ni saa nne asubuhi. Wa Seoul ni saa sita usiku, na taa ya mezani inamulika upande mmoja wa uso wake. Mwalimu hasemi mfungue ukurasa fulani. Anamtaja mtoto wa Arusha kwa jina na kumuuliza: katika andiko mlilosoma juzi, aya ya tatu, mwandishi amelithibitisha dai lake au amelitamka tu?

Kimya. Sura zote zinamsubiri yeye.

Mwanafunzi huyo ni wa mfano. Barua hii haisimulii maisha ya mtoto wa mtu yeyote. Lakini shule ni ya kweli, na masomo yake na tofauti ya saa ni za kweli pia. Anafuatwa hapa kwa sababu kile kimya cha sekunde chache, mwalimu akiwa amenyamaza na mwanafunzi hana pa kujificha, ndicho kinachotofautisha shule ya mtandaoni inayofundisha na ile inayorusha picha tu. Wizara inapopanga elimu ya kidijitali, ombi la barua hii ni kwamba ianzie hapo: kwa mwalimu anayeuliza na kusubiri jibu. Vifaa vifuate nyuma yake.

Ieleweke mapema kwamba hakuna anayeomba shule hiyo ihamishiwe Tanzania kama ilivyo. Ada yake kwa mwanafunzi wa muda wote inazidi dola 25,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, na hata kwa Wamarekani wengi haishikiki bila msaada wa masomo. Kinachostahili kuchukuliwa ni namna inavyofundisha.

Mgeni akiitazama ratiba ya mwanafunzi wetu atadhani mtoto huyu hasomi. Masomo ni manne au matano, na kwa kawaida kila somo linakutana mara mbili kwa wiki. Siku nyingine ina kipindi kimoja tu. Mzazi aliyezoea mtoto anayetoka alfajiri na kurudi jua linazama, na tuisheni juu yake, ataona amelipia mapumziko. Kumbe kazi yote imo katika zile nafasi zilizoachwa wazi. Kabla ya kila kipindi kuna kurasa za kusoma, mhadhara uliorekodiwa wa kutazama, maswali ya kufanya, au insha ya kupeleka. Kipindi chenyewe hakitumiki kugawa madokezo. Kinatumika kubishana juu ya kilichokwisha kusomwa.

Wiki za kwanza ndizo zinazoumiza. Mwanafunzi aliyelelewa na kengele, ubao na kiranja hajui afanye nini na Jumatano isiyo na kipindi. Analala kidogo, anapitia ukurasa mmoja, anajiambia ataumaliza kesho. Alhamisi anatajwa jina na hana la kusema. Darasa la watu sitini humficha aliyekaa nyuma. Darasa la watu kumi na mbili kwenye kioo halina nyuma. Baada ya aibu mbili tatu za namna hiyo anajitengenezea ratiba yake mwenyewe: saa mbili asubuhi hisabati, saa nne historia, mchana insha. Nidhamu hiyo haikutoka kwenye kompyuta. Imetoka kwenye uhakika kwamba jioni kuna mtu atakayemuuliza.

Masomo yenyewe yana uzito usio wa kawaida kwa umri wake. Wanafunzi wa muda wote wa sekondari wana mtiririko wa lazima wenye falsafa ndani yake, somo moja kwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza wanasoma mbinu za sayansi kupitia biolojia. Wa pili, historia na falsafa ya sayansi. Wa tatu, demokrasia, uhuru na utawala wa sheria. Wa nne, usomaji wa kina na ujengaji wa hoja. Pembeni ya hayo kuna hisabati inayovuka kiwango cha sekondari na kuingia kabisa kwenye ile ya chuo kikuu, kwa mtoto aliyekwisha kumaliza ya umri wake.

Mfano mmoja wa historia ya sayansi unatosha kuonyesha aina ya mabishano yanayozaliwa katika darasa kama hilo. Kila mtoto anajua kwamba Copernicus alichapisha kitabu chake mwaka 1543 akidai dunia inalizunguka jua, na kwamba waliompinga walikosea. Mwalimu wa somo hili haridhiki na hapo. Anauliza: waliompinga walikuwa na ushahidi gani? Nao walikuwa nao. Mtu akitembea barabarani, mti ulio karibu huonekana kuhama mbele ya mlima ulio mbali. Kama dunia inatembea safari ndefu kulizunguka jua, basi nyota za karibu nazo zionekane kuhamahama mbele ya nyota za mbali, Januari ziwe hapa na Julai ziwe pale. Watu walitazama, wakapima, hawakuona mhamo wowote. Kwa vipimo walivyokuwa navyo, kumkatalia Copernicus hakukuwa ujinga. Mhamo huo ulikuja kupimwa na mwanaastronomia Friedrich Bessel mwaka 1838, karibu miaka 300 baadaye, kwa sababu nyota ziko mbali kuliko mtu yeyote alivyothubutu kukisia.

Mwanafunzi aliyekuja darasani na jibu la kukariri, kwamba wale wa kale walikuwa wamefungwa akili na dini, anajikuta amebanwa na mwenzake wa Texas: je, wewe ungeliamini jambo ambalo vipimo vinalikanusha? Anajibu, anakosolewa, anarekebisha hoja, anakosolewa tena. Dakika zinakwisha hawajakubaliana. Usiku huo anaandika ukurasa mmoja na nusu, na siku chache baadaye unarudi ukiwa na maneno ya mwalimu pembeni: hapa umedai bila ushahidi, hapa umetumia neno moja kwa maana mbili, sentensi hii ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Hakuna alama ya vema yenye thamani ya maneno hayo matatu.

Maisha haya yana gharama zake, na ni haki zitajwe. Vipindi vinaangukia saa za chakula. Jikoni wanacheka, naye yuko chumbani anazungumza juu ya Newton huku ugali unapoa. Machi, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, kipindi cha saa kumi na mbili jioni kinahamia saa kumi na moja. Novemba kinarudi kilipokuwa. Umeme ukikatika katikati ya hoja, hoja inakwenda na umeme. Macho yanachoka. Hakuna wa kugonganisha naye mabega wakati wa kutoka, hakuna foleni ya chai, hakuna mechi ya darasa kwa darasa. Urafiki unapatikana katika vilabu na vikundi vya kujisomea, nao ni wa kweli, ila unahitaji kutafutwa. Haumdondokei mtu kama unavyomdondokea anayelala kitanda cha juu bwenini. Kila Juni wengi hukutana ana kwa ana Stanford kwa ajili ya mahafali, na jambo la kwanza linalowashangaza ni urefu. Mtu uliyebishana naye mwaka mzima ukiona mabega na kichwa tu, kumbe anakupita futi nzima.

Mheshimiwa Waziri, yote haya yangeweza kuonekana ni anasa ya matajiri wenye mtandao wa kasi. Historia yake inasema vingine.

Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 2006, lakini mizizi yake inarudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndipo mwanafalsafa Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford, akishirikiana na mwanasaikolojia Richard Atkinson, alipoanza kujaribu kuwafundisha watoto wa shule za msingi hisabati kwa kompyuta, enzi ambazo mashine moja ilijaza chumba. Katika miaka ya 1970 taasisi aliyoiongoza Suppes ilipeleka hisabati kwa redio kwenye shule za msingi za Nicaragua. Redio haikuwa ya kusikiliza tu. Sauti iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa makusudi ili watoto wajibu kwa sauti, halafu ikatoa jibu. Mbinu hiyo ikavuka bahari ikaja kwa majirani zetu: kati ya 1980 na 1985 watoto wa madarasa ya chini nchini Kenya walifundishwa Kiingereza kwa redio ya namna hiyo hiyo, na sekunde zile za kimya zilipangwa kwa uangalifu uleule uliotumika kupanga maneno. Suppes alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92. Kutoka redio ya betri hadi semina ya video vifaa vimebadilika mara nyingi, lakini nafasi ya mwanafunzi kujibu imebaki ndani ya kipindi muda wote huo.

Tanzania yenyewe ililijua jambo hili kabla ya wengi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha watu hawakutawanyika. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo, kilikuwa na kijitabu, kilijadili walichosikia, kikakubaliana cha kufanya, na vyoo vikachimbwa. Mwaka mmoja baadaye, Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, nchi haikuwa na walimu wa kutosha. Kuanzia 1976 makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku wakiingia darasani na kusimamiwa palepale walipo. Baadaye, mwaka 1992, Bunge likaanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Elimu ya mbali si mgeni wa kukaribishwa nchini. Ni mwenyeji aliyeachwa nje ya sekondari ya juu.

Onyo nalo lipo, tena limetoka Stanford kwenyewe. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CREDO cha chuo kikuu hicho kilitoa matokeo ya uchunguzi wa shule za mtandaoni za muda wote zinazolipiwa na umma katika majimbo 17 ya Marekani pamoja na jiji la Washington. Wanafunzi wake walilinganishwa na wenzao wa shule za kawaida waliofanana nao. Kwa mwaka mmoja wa masomo walibaki nyuma kwa kiasi kinacholingana na siku 72 katika kusoma. Katika hisabati walibaki nyuma siku 180, na mwaka wa shule Marekani una siku 180. Ni sawa na kusema mtoto hakusoma hisabati kabisa.

Sababu moja ilionekana katika sehemu ya utafiti iliyofanywa na taasisi ya Mathematica: katika shule nyingi za mtandaoni za kundi hilo, mwanafunzi alipata muda mchache wa kufundishwa mubashara kwa wiki nzima kuliko anaoupata mwenzake wa shule ya ana kwa ana kwa siku moja. Kompyuta alikuwa nayo. Masomo yaliyorekodiwa alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza aya ya tatu inasema nini.

Shule hizo na ile ya sura kumi na mbili zinaitwa kwa jina moja, elimu ya mtandaoni, kana kwamba ni kitu kimoja. Wizara ikilichukulia jina hilo kijumla itanunua la kwanza ikidhani imenunua la pili. La kwanza ndilo lililo rahisi kununua: lina idadi ya vifaa, lina tarehe ya kukabidhi, lina picha ya gazeti. Kenya, kuanzia 2016, iligawa vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Tanzania nayo, baada ya Sensa ya Agosti 2022, ilivigawa vishikwambi vya makarani kwa walimu. Hatua zote mbili zilikuwa na nia njema na zina faida zake. Lakini kifaa hakimtaji mtoto kwa jina, wala hakijui kwamba leo amenyamaza kuliko kawaida yake.

Haja ya jambo hili nchini iko wazi katika takwimu za Serikali yenyewe. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Ni hatua kubwa, na inamheshimu mtoto ambaye kipaji chake hakikuingia katika tahasusi zilizozoeleka kama PCM na HGL. Lakini tahasusi iliyo kwenye mwongozo inahitaji mwalimu aliye darasani, na shule moja haiwezi kuwa na walimu wa orodha hiyo nzima. Binti wa wilaya ya pembezoni mwenye kichwa cha hisabati anaweza kupangiwa shule nzuri, yenye bweni na maabara, akakuta mwalimu wa Hisabati ya Juu amehama, au yupo mmoja anayebeba vidato vyote. Shule haina kosa. Mkuu wa shule hana njia ya kumuumba mwalimu. Watoto wanagawana vitabu, wanadesa majibu ya mitihani ya miaka iliyopita, na yule mwenye uwezo kuliko wote anamaliza kidato cha sita bila kuulizwa hata mara moja kwa nini hatua ya pili ya uthibitisho inafuata ya kwanza.

Mwalimu anayeweza kumuuliza yupo. Yuko Dar es Salaam, Dodoma, au amestaafu yuko Moshi. Hawezi kuhamishiwa shule ishirini. Anaweza kufundisha watoto kumi na watano kutoka shule tano, mara mbili kwa wiki, saa kumi jioni.

Kwa hiyo ombi ni dogo na linapimika. Wizara, kwa kushirikiana na ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), ichague masomo mawili au matatu yenye upungufu mkubwa wa walimu, Hisabati ya Juu ikiwa la kwanza, na iyafundishe mtandaoni kwa wanafunzi wanaobaki katika shule zao. Asihamishwe mtu. Mtoto aendelee kulala bweni lake, kucheza mpira wake na kusoma masomo mengine na walimu wake. Somo moja tu alipate kwenye kioo. Hata shule ile ya Stanford inawaandikisha wanaotaka somo moja. Florida, ambako shule ya umma ya mtandaoni ya jimbo ilianza 1997, wanafunzi wengi wamekuwa wakiitumia hivyo hivyo: wameandikishwa shule za mtaani kwao, na mtandaoni wanafuata somo moja au mawili ambayo shule zao hazina.

Darasa lisizidi watoto kumi na watano. Namba hiyo ikiachwa wazi, mwaka wa pili itakuwa sitini na wa tatu mia mbili, na semina itageuka matangazo ya redio yasiyo na kimya. Vipindi mubashara visipungue viwili kwa wiki, na muda wa mwalimu kusoma kazi za wanafunzi na kuandika maoni uhesabiwe ndani ya mzigo wake wa kazi. Mwalimu anayepewa madarasa manane ya mtandaoni kwa sababu eti hasafiri hatasoma insha ya mtu.

Katika kila shule awepo mwalimu mmoja wa kukaa chumbani na wanafunzi hao. Si lazima ajue hisabati hiyo. Kazi yake ni ile ya kiongozi wa kikundi cha mwaka 1973: kuhakikisha wamefika, wamesoma walichotakiwa kusoma, mashine imewaka, na kipindi kikiisha wanabaki nusu saa kujadili. Mtandao ukikatika aendeleze mjadala kwa karatasi na kumpigia mwalimu simu ya kawaida, mwito uwekwe kwenye spika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mikoani, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka vifaa na huduma shuleni. Shule za kuanzia zichaguliwe miongoni mwa zile ambazo mtandao umekwisha kuzifikia. Bando lilipwe na mradi. Mzazi asitozwe chochote.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao na ina wakuza mitaala wanaoweza kuandaa mihadhara iliyorekodiwa na maswali ya kusoma kabla ya kipindi. Mihadhara hiyo itolewe kwa kila mtu, hata kwa watahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani halihitaji kubuni mtihani mpya: watoto hawa wafanye mtihani uleule, siku ileile, katika vituo vyao vilevile, ili asitokee wa kusema cheti chao ni cha mtandaoni. Masomo yenye mtihani wa vitendo, kama fizikia, yasubiri awamu ya pili, baada ya kupangwa maabara ya shule gani itatumika na lini. Kipimajoto na kipimo cha umeme havishikiki kupitia kioo.

Kuhusu fedha, Florida ina funzo moja zaidi. Tangu 2003 shule yake ya mtandaoni hulipwa na jimbo kwa mwanafunzi aliyekamilisha somo kwa kufaulu; aliyejiandikisha akapotea njiani halipiwi. Utaratibu huo unaipa shule sababu ya kumtafuta mtoto asiyeonekana kwa wiki moja, kumpigia simu, kuzungumza na mzazi wake. Mkataba wowote ambao Wizara itaingia na mtoa huduma uwe na kifungu cha namna hiyo. Kilipwe kilichofundishwa, na taarifa ya waliofika, walioacha na waliofaulu itangazwe kila mwaka hata kama haipendezi.

Kuna watakaouliza kwa nini kuhangaika na watoto wachache wa Hisabati ya Juu wakati zipo shule za kata zisizo na madawati. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba walimu wa hisabati wa shule hizo za kata watatoka miongoni mwa watoto hao hao. Binti asiyefundishwa kidato cha sita mwaka huu ndiye mwalimu atakayekosekana miaka sita ijayo, na upungufu unaolalamikiwa leo ulianza hivyo hivyo. Tena mwaka 2020, wa janga la UVIKO-19, umekwisha kuwakumbusha wote kwamba shule zinaweza kufungwa ghafla. Tanzania ilizifunga Machi 17 na kuanza kuzifungua Juni. Uganda zilirudi kikamilifu Januari 2022. Nchi yenye walimu mia waliozoea kuendesha darasa dogo kwenye kioo itakuwa na pa kuanzia siku kama hiyo ikirudi.

Mwanafunzi wa Arusha aliachwa mwanzoni mwa barua akiwa hajajibu. Mwalimu wake hakumsaidia na hakumhamia mwingine. Baada ya sekunde kumi hivi, mwanafunzi alifungua kipaza sauti na kusema kwamba hana uhakika, ila anadhani mwandishi amelitamka tu dai lake, kwa sababu mfano alioutoa unaweza pia kutumika kuthibitisha kinyume chake. Mwenzake wa Seoul, saa sita ya usiku, akanyoosha mkono kumpinga.

Januari ijayo, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya mkoani, wanafunzi watatu wa kidato cha tano wangeweza kuwa wamekaa mbele ya kioo saa kumi jioni, madaftari wazi, wakimsikiliza mwalimu wa hisabati aliyeko Dodoma akimtaja mmoja wao kwa jina. Chumba kipo. Mtihani upo. Mwalimu yupo. Barua hii inaiomba Wizara yako iwakutanishe mwalimu huyo na wanafunzi hao, na itangaze hadharani shule tano zitakazoanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi

Nakala:
TAMISEMI
Taasisi ya Elimu Tanzania
Baraza la Mitihani la Tanzania
Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima